Spika ya Njia Mbili au ya Njia Tatu: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kulipa

Katika maduka ya vifaa vya umeme ya Tandika, Mbagala Rangi Tatu, Mwenge na Tegeta, spika za nyumbani hupangwa nje ya duka, na aghalabu mojawapo huwa inapigwa tangu asubuhi. Mnunuzi husimama mbele ya makasha mawili yanayokaribiana bei. La kwanza lina koni mbili. La pili lina koni tatu, na juu ya boksi lake kumeandikwa kwa herufi kubwa “3-WAY”. Wengi huchagua lenye koni tatu, kwa hoja inayoonekana kuwa ya haki kabisa: tatu ni nyingi kuliko mbili. Kwa kaya iliyodunduliza miezi kadhaa ili ipate redio ya sebuleni, au inayolipa dukani kidogo kidogo mpaka deni liishe, hoja hiyo inaweza kuwa ya gharama kubwa.

Katika somo hili tunaeleza maana ya njia mbili na njia tatu, namna ya kutambua kama maandishi ya boksi yanalingana na kilichomo ndani, na sababu zinazotufanya tuamini kwamba kaya nyingi za Kinondoni na Temeke zitahudumiwa vyema zaidi na spika nzuri ya njia mbili kuliko ya njia tatu ya bei ileile.

Kwa nini sauti hugawanywa

Spika hutoa sauti kwa kusukuma hewa. Nyuma ya koni kuna koili ya waya mwembamba iliyozungukwa na sumaku. Umeme wa muziki unapopita katika koili hiyo, koili husogea mbele na nyuma na kuisogeza koni pamoja nayo. Muundo huo ulielezwa na wahandisi Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric ya Marekani mwaka 1925, na hadi leo ndio uliomo ndani ya spika nyingi, kuanzia ndogo ya simu hadi kubwa ya ukumbi wa harusi.

Ugumu unatokana na upana wa kazi yenyewe. Mtu mwenye usikivu mzuri husikia mitetemo kuanzia takriban 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Kipimo cha mitetemo hiyo ni hezi, na kwenye maboksi huandikwa Hz. Katika joto la Dar es Salaam sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo, wimbi la besi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, yaani zaidi ya mara mbili ya urefu wa chumba cha kawaida cha kupanga, ilhali wimbi la hezi 10,000 lina urefu wa sentimita tatu na nusu tu. Koni moja haiwezi kuyahudumia mawimbi hayo yote kwa usawa. Besi inadai koni pana yenye kusogea sana, ili isukume hewa nyingi. Sauti nyembamba, kama ya matoazi au herufi “s” katika maneno ya mwimbaji, inadai kitu kidogo na chepesi kinachoweza kutetemeka maelfu ya mara kwa sekunde. Tena, koni pana ikilazimishwa kutoa sauti nyembamba, huzielekeza mbele kama mwanga wa tochi: aliyekaa mkabala nayo atazisikia, aliyekaa pembeni atazikosa.

Hivyo basi, kazi hugawanywa. Katika spika ya njia mbili, wufa huchukua besi pamoja na sehemu kubwa ya sauti ya mwimbaji, na twita huchukua zilizobaki juu. Mpaka baina yao kwa kawaida huwekwa kati ya hezi 2,000 na 3,000. Katika spika ya njia tatu huongezwa koni ya kati, ambayo mafundi huiita midi. Midi huanza kwenye hezi mia kadhaa, mathalani 400 au 500, na kumkabidhi twita kazi karibu na hezi 3,000. Wufa hubaki na besi peke yake.

Anayegawa kazi hiyo ni krosova, yaani koili na kapasita zilizofungwa ndani ya kasha kati ya waya zinazoingia na koni zenyewe. Tunaomba msomaji azingatie jambo hili kuliko yote yaliyotangulia: njia huhesabiwa kwa mafungu ambayo krosova imeigawa sauti, si kwa koni zinazoonekana mbele. Spika yenye wufa mbili na twita moja ina koni tatu, lakini ni ya njia mbili. Na spika yenye koni nne zilizounganishwa pamoja bila krosova yoyote ni ya njia moja, hata kama boksi lake linasema vinginevyo.

Midi inaleta nini, na inadai nini

Njia tatu ina faida ya kweli. Wufa inayosukuma besi nzito huku imebeba sauti ya mwimbaji huitikisa sauti hiyo. Mpenzi wa taarabu atatambua hali hiyo pale gitaa la besi linaponguruma na maneno ya mwimbaji kuanza kukwaruza. Midi ikichukua maneno, wufa ikabaki na mngurumo, maneno husikika wazi hata sauti inapokuwa kubwa. Katika sebule pana yenye watu wengi, au uani kwenye shughuli ya familia, spika ya njia tatu iliyotengenezwa kwa uangalifu humshinda ndugu yake wa njia mbili bila shaka.

Tatizo limo katika maneno “iliyotengenezwa kwa uangalifu”. Spika ya njia tatu ina mipaka miwili badala ya mmoja, na mpaka wa chini huangukia katikati ya sauti ya binadamu, mahali ambapo sikio huona kosa upesi. Koili na kapasita za mpaka huo ni kubwa, nzito na ghali kuliko zile za twita. Aidha, midi lazima iwe na chumba chake ndani ya kasha, au iwe imefungwa nyuma, ili hewa inayosukumwa na wufa isiitikise. Mtengenezaji anayeshindania bei ya chini huona vitu vyote hivyo havionekani nje, na huvipunguza. Mara nyingi unachokikuta ukifungua kasha la bei nafuu ni kapasita moja kwenye twita, nyingine kwenye midi, na wufa iliyounganishwa moja kwa moja bila kizuizi chochote. Wufa hiyo huendelea kuimba maneno yaleyale yanayoimbwa na midi, na matokeo yake ni sauti iliyojaa lakini isiyoeleweka.

Fedha zilezile zikitumika kwenye njia mbili hugawanyika katika vitu vichache: wufa moja, twita moja, krosova moja, kasha moja. Kila kimoja kinaweza kuwa bora kidogo. Historia ya vifaa hivi inathibitisha kwamba njia mbili si spika ya mnyonge. Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilipohitaji spika ndogo ya kusikilizia sauti za watu ndani ya magari yake ya matangazo ya nje, miaka ya 1970, wahandisi wake walibuni LS3/5A, spika ya njia mbili yenye wufa ya inchi 5. Yamaha NS-10, iliyoanza kuuzwa mwaka 1978 kwa ajili ya nyumbani, nayo ni ya njia mbili, na iliishia kwenye studio za muziki duniani kote. Kampuni hiyohiyo ilikuwa imekwisha kutoa NS-1000, spika ya njia tatu iliyosifiwa sana. Lakini hiyo ilikuwa kubwa, nzito na ya bei ya juu, na hapo ndipo lilipo fundisho kwa anayenunua ya bei ya chini.

Pima chumba kabla ya kupima spika

Chumba cha futi kumi kwa kumi, ambacho wapangaji wengi wa Mwananyamala, Tandika na Mbagala wanakifahamu, kina upande wa mita 3 hivi. Chumba cha kipimo hicho hukuza chenyewe besi za karibu hezi 57, kwa sababu nusu ya wimbi lake inaingia sawasawa kati ya kuta mbili. Kwa hiyo spika inayosifiwa dukani kwa “besi nzito”, ambako inapigwa barabarani kwenye hewa wazi, ikifika chumbani huweza kuvuma kwa noti moja na kufunika nyingine zote. Kama nyumba haina dari, bati nalo huitikia.

Kuna jambo jingine linalohusu umbali. Koni tatu zilizopangwa kwenye kasha refu zinahitaji nafasi ili sauti zake ziungane kabla ya kumfikia msikilizaji. Mtu aliyekaa mita moja na nusu kutoka kwenye spika kubwa ya njia tatu husikia twita ikitoka juu na wufa ikitoka chini, kama watu wawili wanaozungumza kwa zamu. Spika ndogo ya njia mbili, ambayo wufa na twita zake zimekaribiana, haimpi taabu hiyo. Kwa chumba kimoja au sebule ndogo, pendekezo letu ni jozi ya njia mbili yenye wufa ya inchi 5 hadi 6 na nusu. Sebule inayozidi mita 5 kwa 4, ambamo watu hukaa mbali na spika, ndiyo inayoanza kuihalalisha njia tatu.

Mahali pa kuweka nako ni nusu ya ununuzi, na hakuongezi gharama. Twita iwe usawa wa masikio ya aliyekaa. Stuli au matofali mawili matatu yanatosha. Spika iliyosukumwa kwenye kona huongeza besi, na iliyovutwa mbele huipunguza. Jaribu sentimita 30 kutoka ukutani, kisha sogeza mpaka maneno yasikike vizuri. Ikumbukwe pia kwamba besi hupita ukutani kwa urahisi kuliko sauti nyembamba: jirani wa chumba cha pili hasikii wimbo unaoupenda, anasikia mngurumo tu. Kelele ni suala linalosimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake, ingawa katika nyumba ya kupanga mashauri mengi ya aina hii huishia kwa mjumbe wa shina.

Sabufa na maana ya 2.1

Bidhaa ambayo watu wengi hununua leo si jozi ya spika bali ni kile kinachoitwa mtaani sabufa: kasha moja kubwa lenye amplifaya ndani, pamoja na spika ndogo mbili au zaidi pembeni. Namba 2.1 inayoandikwa juu yake haihusiani na njia mbili. Mbili ni mikondo ya kushoto na kulia, na moja baada ya nukta ni kasha la besi. Kadhalika 3.1 haimaanishi njia tatu.

Udhaifu wa mfumo huu huwa katikati. Spika ndogo ya pembeni yenye koni ya inchi 3 haiwezi kushuka chini vya kutosha, na kasha la besi hulazimika kupanda juu ili kumfikia. Hapo ndipo zinapokaa sauti za chini za mwanamume, ngoma nyingi na gitaa la solo. Msomaji anaweza kujithibitishia kwa kucheza taarifa ya habari badala ya muziki: sauti ya msomaji wa habari wa kiume ikitoka kwenye kasha lililo sakafuni, au ikisikika nyembamba kama ya kwenye simu, mfumo una pengo. Hatusemi sabufa isinunuliwe, kwani kwa bei yake inafanya kazi nyingi, ikiwa na redio, bluetooth na nafasi ya flashi ndani yake. Tunasema isinunuliwe kwa kusikilizwa kwa besi peke yake.

Wati zisizokuwepo

Hakuna maandishi yanayompotosha mlaji wa bidhaa hizi kuliko namba ya wati. Tuchukue mfano wa boksi lililoandikwa “5,000 W PMPO”. Herufi hizo nne zinadai kueleza nguvu ya juu kabisa inayoweza kutoka kwa kitambo kifupi mno, na hakuna kanuni moja inayokubalika ya kuipima. Kila mtengenezaji huandika apendavyo.

Geuza kifaa na usome kibandiko cha nyuma, pale panapoingia waya wa umeme. Tuseme kimeandikwa 220–240 V, 50 Hz, 60 W. Hiyo ndiyo nguvu ambayo kifaa kinaivuta kutoka ukutani, na kifaa hakiwezi kuendelea kutoa zaidi ya kinachoingia; hutoa pungufu, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea kuwa joto. Kwa ulinganisho, soketi nzima ya ukutani ya ampea 13, kwa umeme wetu wa volti 230, haitoi zaidi ya wati 2,990. Redio yenye wati 5,000 za kweli ingelikata fyuzi kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio. Kwenye LUKU, kifaa cha wati 60 kikipigwa saa tano hakizidi uniti 0.3, na mwenye kifaa hicho anaweza kulishuhudia jambo hilo kwenye mita yake mwenyewe.

Namba ya kuaminika zaidi ni ile iliyoandikwa RMS, ambayo hueleza nguvu inayoweza kuendelea kutoka. Hata hivyo, mara mbili ya wati haimaanishi mara mbili ya sauti. Kuongeza nguvu maradufu huongeza desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio hulitambua kwa kiasi. Ili sauti isikike imekua maradufu, zinahitajika wati karibu mara kumi. Ndiyo sababu tunashauri mlaji atafute pia usikivu wa spika, unaoandikwa kwa desibeli kwa wati 1 katika umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 90 inayolishwa wati 20 inatoa sauti sawa na ya desibeli 87 inayolishwa wati 40. Boksi lisilotaja RMS wala usikivu, bali PMPO peke yake, limekunyima taarifa mbili za msingi.

Kwa wanaonunua spika na amplifaya mbalimbali, ipo namba ya tatu, nayo ni omu. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba kwenye tundu moja la amplifaya huwa omu 4. Zikiwa tatu, huwa chini kidogo ya omu 2.7. Amplifaya iliyoandikwa omu 4 hadi 8 itapata moto kwa mzigo huo, na huenda ikaungua. Vilevile, anayebadilisha twita iliyokufa na aangalie omu zake: kapasita ya mikrofaradi 4.7 huanza kupitisha sauti karibu na hezi 4,200 kwenye twita ya omu 8, lakini kwenye ya omu 4 huanzia karibu na 8,500, na kati ya hapo hubaki shimo. Fundi anayekwambia “twita ni twita” hajakutendea haki.

Majaribio ya dukani

Muuzaji wa haki hatakataa bidhaa ijaribiwe. Nenda na wimbo unaoufahamu tangu mwanzo hadi mwisho, uwe kwenye simu au flashi, wenye mwimbaji anayesikika vizuri na besi ya wastani. Singeli peke yake haitoshi kwa kazi hii; mwendo wake wa kasi hufunika makosa mengi. Chukua pia kipande cha mazungumzo ya redio.

Omba sauti ipunguzwe, kisha kunja gazeti liwe kama bomba. Weka ncha moja sikioni na nyingine mbele ya kila koni, bila kuigusa. Koni iliyo kimya kabisa ni pambo, na mapambo ya namna hiyo yapo: kipande cha plastiki chenye umbo la twita, kilichogundishwa mbele bila waya nyuma yake. Koni zikitoa sauti ileile zote, hakuna krosova. Katika spika ya njia tatu ya kweli utasikia tofauti tatu zilizo wazi. Wufa itatoa mngurumo na sauti iliyofifia kama ya mtu aliye nyuma ya mlango. Midi itatoa maneno, lakini bila uzito. Twita itatoa msisimko tu wa “s”, “sh” na matoazi, na hutaweza kufuata wimbo kwa kuisikiliza hiyo peke yake. Mwenye simu janja anaweza kupakua programu ya kutoa mlio wa hezi anazotaka: mlio wa 100 usikike kwenye wufa, wa 1,000 kwenye midi, wa 8,000 kwenye twita. Milio hiyo ichezwe kwa sauti ya chini, kwani mlio mmoja unaodumu unaweza kuunguza twita.

Kuhusu chumba cha midi, lipo jaribio la mkono. Spika ikiwa imezimwa, na kwa ruhusa ya muuzaji, ziba tundu la hewa la kasha kama lipo, kisha bonyeza koni ya wufa taratibu kwa vidole vilivyotandazwa pande zote. Midi ikitoka nje wakati wufa inaingia ndani, zote mbili zinatumia hewa moja, na midi haina chumba chake. Hapohapo sikiliza wufa yenyewe: mkwaruzo wakati wa kubonyeza ni dalili kwamba koili inagusa sumaku. Twita kamwe isibonyezwe.

Gonga kasha kwa kifundo cha kidole. Ubavu unaolia kama debe tupu utalia pia pamoja na muziki. Kasha zuri hutoa mlio mfupi, mzito. Kasha hafifu si lazima liwe mwisho wa safari: mafundi seremala wa Keko, ambao samani zao zinafahamika jiji zima, wanaweza kujenga kasha imara kwa mbao za MDF ukiwapelekea koni na vipimo. Lakini wapelekewe vipimo kamili, ukiwemo ujazo wa ndani na ukubwa wa tundu la hewa. Kasha la makisio huiharibu wufa nzuri kama lile la kiwandani lililokosewa.

Mwishowe, omba sauti ipandishwe mpaka kiwango utakachotumia nyumbani, na usimame hapo dakika tano nzima. Masikio hudanganyika kwa dakika ya kwanza. Sauti kali huvutia kabla haijachosha.

Za mtumba

Spika zilizotumika kutoka Ulaya au Japani zinaweza kuwa chaguo bora kuliko mpya ya bei ileile, na njia tatu nyingi zenye krosova ya kweli zilizopo mitaani zimepatikana kwa njia hiyo. Tunaonya mambo mawili. Kwanza, kagua ukingo laini unaoishikilia koni kwenye fremu yake. Ukingo wa sponji huoza kwa umri, na joto lenye unyevu la pwani yetu haliusaidii. Ukiugusa kwa ncha ya kidole ukabaki unga, koni hiyo inahitaji ukingo mpya kabla ya kupigwa. Wa mpira hudumu zaidi. Pili, amplifaya au redio yenye amplifaya ndani kutoka Japani imetengenezwa kwa umeme wa volti 100, na ya Marekani kwa volti 120. Ikichomekwa kwenye volti 230 bila transfoma ya kushusha umeme, haitapata nafasi ya pili. Spika tupu, isiyo na waya wa umeme wa ukutani, haina tatizo hilo.

Haki yako baada ya kulipa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora, sifa na utendaji wa bidhaa. Spika yenye koni za mapambo iliyouzwa kama ya njia tatu inaingia katika eneo hilo, na muuzaji hajitoi kwa kusema ndivyo boksi lilivyokuja kutoka kiwandani. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Tangazo la ukutani kwamba “bidhaa ikishauzwa hairudishwi” halifuti haki ya mtu aliyeuziwa bidhaa yenye kasoro au isiyolingana na ilivyoelezwa. Halimlindi, kwa upande mwingine, aliyebadili mawazo baada ya kufika nyumbani, wala aliyeunguza twita kwa kupandisha sauti kupita kiasi. Kufungua kasha kabla ya kulalamika nako humpa muuzaji hoja.

Dai risiti ya EFD, na uhakikishe imetaja jina na namba ya modeli, si neno “spika” tu. Kama muuzaji amekuhakikishia kwa mdomo kwamba ni njia tatu, au ametoa dhamana ya miezi kadhaa, mwombe aandike kwenye karatasi yenye mhuri wa duka. Piga picha za boksi na za kibandiko cha nyuma kabla hujaondoka. Kasoro ikijitokeza, acha kukitumia kifaa, rudi dukani na nyaraka hizo, na umpe muuzaji nafasi ya kurekebisha, kubadilisha au kurejesha fedha. Akikataa, andika malalamiko yako kwa ufupi ukitaja tarehe, bei, modeli na ulichoambiwa, ambatisha nakala za risiti na picha, uyawasilishe Tume ya Ushindani. Nakala halisi za risiti ubaki nazo wewe, na wino wake hufifia upesi, hivyo itolee fotokopi wiki ileile uliyonunua.